Macho na Dawa za Sonona: Mwongozo kwa Wagonjwa wa Bambu na Jamaa Zao

Yeyote aliyepewa vidonge vya kutibu sonona katika kituo cha afya, akavimeza siku mbili tatu kwa imani, kisha akafungua kitabu chake cha nyimbo akaona herufi zimetandwa na ukungu, ana haki ya kushtuka. Kwani macho ni amana azizi, na mtu ambaye tayari amelemewa na huzuni hana nguvu za kubeba hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama, mume, dada au jirani anayemwangalia, ili wajue ni taathira zipi za dawa hizo machoni ambazo hupita zenyewe, ni zipi zinazotengenezwa kwa kupunguza au kubadili dawa, na ni ipi inayodai mgonjwa afikishwe hospitali usiku huo huo bila kungoja mapambazuko. Nasaha yote inakaa katika maneno machache: usiiache dawa kimyakimya, wala usiyavumilie madhara yake kimyakimya.

Wakazi wa Bambu, mji uliokua juu ya dhahabu ya Kilo-Moto katika teritware ya Djugu, hawahitaji kufundishwa nini maana ya dhiki. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 viliacha makaburi katika kila ukoo, na tangu Desemba 2017 machafuko yamerudi, watu wakakimbia mashamba yao, wakalala kambini, wakazika wapenzi wao kwa haraka isiyoruhusu hata kilio cha kutosha. Maradhi ya sonona, ambayo wengi huyaita mawazo mengi, huzuka katika mazingira kama haya bila kumchagua mwenye imani wala asiye nayo: mtu hukosa usingizi, chakula humkinai, kazi aliyoipenda humchosha, na fikira za kifo humjia bila kualikwa. Maradhi haya si laana, wala si uthibitisho kwamba mtu amelogwa. Yana tiba, na tiba hiyo huanza kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, hufuatwa na dawa pale tabibu anapoona haja yake, na sala za mchungaji hazigombani na lolote kati ya hayo mawili.

Dawa zenyewe

Katika orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani, dawa za sonona zilizotajwa waziwazi ni mbili: amitriptilini, ambayo huja katika vidonge vya miligramu 25 au 75, na fluoksetini ya miligramu 20. Ya kwanza ni kongwe na rahisi kwa bei, na kwa hiyo ndiyo iliyoenea zaidi katika vituo vya vijijini. Inatoka katika ukoo mmoja na imipramini, dawa ambayo tabibu Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen huko Uswisi, aliitambua mwaka 1956 kuwa inawainua wagonjwa wa huzuni nzito, naye akaitangaza habari hiyo mwaka uliofuata. Amitriptilini yenyewe iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, na fluoksetini ikafuata mwaka 1987.

Linalompasa msomaji kulijua mapema ni kwamba amitriptilini haitolewi kwa sonona peke yake. Hutolewa pia, kwa kipimo kidogo, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kipandauso kinachorudi mara kwa mara, na pengine kwa mtoto anayekojoa kitandani. Hivyo inawezekana kabisa mtu awe anameza dawa ya sonona bila ya yeye mwenyewe kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo. Tazama jina lililoandikwa juu ya kopo au pakiti, na likiwa ni amitriptyline, maneno yafuatayo yanakuhusu hata kama kilichokupeleka kituoni kilikuwa ni miguu kuwaka moto tu.

Kwa nini macho huguswa

Amitriptilini, pamoja na kazi yake katika ubongo, humzuia mjumbe mmoja wa mwilini aitwaye asetilikolini, ambaye hupeleka amri kwenye tezi na misuli mingi midogo. Kinywa hukauka kwa sababu tezi za mate hazipati amri yake. Choo huwa kigumu kwa sababu matumbo hayapati amri yake. Na jicho nalo hukosa amri hiyo hiyo katika mahali patatu. Msuli mdogo unaoizunguka lenzi, ambao kazi yake ni kuiumua lenzi ili tuone kilicho karibu, hulegea, na maandishi ya mkononi huingia kiwaa ilhali mlima ulio mbali unaonekana vilevile. Mboni, yaani tundu jeusi lililo katikati, hupanuka, na mwanga wa mchana hutia kiwi. Machozi nayo hupungua, na macho huwasha mithili ya macho yenye mchanga.

Fluoksetini na jamaa zake, kama sertralini na paroksetini, hufuata njia nyingine, ya kuongeza nguvu ya serotonini, na kwa hiyo taathira zao machoni aghalabu ni hafifu zaidi. Lakini nazo huweza kuipanua mboni kidogo na kuyakausha macho, na kwa mtu mwenye umbile fulani la jicho huo upanuzi mdogo unatosha kuleta balaa nitakayoieleza baadaye.

Jambo la kutuliza moyo ni kwamba, katika haya ya kawaida, hakuna kitu kinachoharibika ndani ya jicho. Lenzi ni nzima, mshipa wa kuonea ni mzima; ni amri tu iliyopungua, na siku dawa itakapopunguzwa au kubadilishwa kwa utaratibu, amri hurudi.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Tabibu au muuguzi anapokuandikia dawa hizi, usingoje aulize. Mwambie wewe mwenyewe. Mwambie kama katika ukoo wenu yuko aliyepofuka kwa presha ya macho. Mwambie kama uliwahi kupata maumivu makali ya jicho yaliyofuatana na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Mwambie kama unavaa miwani minene inayoyafanya macho yako yaonekane makubwa, kwani hiyo ni alama ya jicho fupi ambalo ndani yake nafasi ni finyu. Na umtajie kila dawa nyingine unayoimeza, hata ile uliyoinunua sokoni bila karatasi: prometazini na klorofenamini za mafua na mwasho, triheksifenidili ambayo hupewa wagonjwa wa akili pamoja na haloperidoli, na dawa za kutuliza msokoto wa tumbo za jamii ya butilisikopolamini. Zote hizi humzuia mjumbe yule yule, na mbili zikikutana katika mwili mmoja, ukungu wa macho huongezeka, kinywa hukauka mara dufu, na mzee huweza hata kuchanganyikiwa. Mmea wa datura, ambao wengine huutumia kama dawa ya kienyeji, una nguvu hiyo hiyo, tena haipimiki. Usiuchanganye na amitriptilini hata kidogo.

Muuguzi asiye na vyombo vya daktari wa macho anaweza kufanya uchunguzi mmoja wa manufaa kwa tochi ndogo peke yake. Mgonjwa na atazame mbele. Tochi iwekwe ubavuni, upande wa sikio, imulike jicho kwa ubapa. Ikiwa duara lote la rangi linaloizunguka mboni limeng'aa mpaka upande wa pua, nafasi ya mbele ya jicho ni pana. Ikiwa nusu ya upande wa pua imebaki kivulini, nafasi hiyo huenda ni nyembamba, na ni afadhali mgonjwa aonwe na mtaalamu wa macho kabla ya kupewa amitriptilini, au tabibu afikirie dawa nyingine. Uchunguzi huu hautoi hukumu ya mwisho, lakini hauna gharama wala maumivu, na huchukua muda mfupi sana.

Wewe nawe ujipime siku hiyo hiyo ili upate cha kulinganisha. Chagua ukurasa mmoja wa kitabu, ukae mahali pamoja penye mwanga, uzibe jicho moja kwa kiganja usome mstari, kisha uzibe la pili. Andika katika daftari ulivyoona. Watu wengi huishi miaka na jicho moja dhaifu bila kujua, na siku wanapoligundua huisingizia dawa ambayo haina hatia.

Taathira za kawaida, na namna ya kuishi nazo

Hapa inafaa kusema jambo ambalo lau wagonjwa wote wangeambiwa mapema, wengi wasingetupa vidonge vyao: madhara ya dawa hizi hutangulia, na manufaa yake huja nyuma. Ukungu wa macho, ukavu wa kinywa na usingizi mzito huonekana katika siku za mwanzo, ilhali moyo hauanzi kuinuka mpaka zipite wiki mbili hadi nne, na nafuu kamili huweza kuhitaji wiki sita au nane. Mgonjwa anayepima dawa kwa wiki yake ya kwanza hupima hasara tupu. Kwa bahati njema, mwili wa walio wengi huzoea, na ukungu hupungua katika wiki chache. Na ndiyo sababu tabibu mwenye hadhari huanza kwa kidonge kimoja cha miligramu 25 wakati wa kulala, akapandisha polepole.

Kwa ukungu wa karibu, soma mchana penye mwanga wa kutosha, sogeza kitabu mbali kidogo, na kazi ya kutia uzi kwenye sindano au kuchambua mchele umwachie mwingine kwa muda. Miwani ya kusomea ya kuazima yaweza kusaidia, lakini usitumie fedha zako kununua miwani mipya mpaka kipimo cha dawa kimetulia kwa wiki kadhaa, kwani macho unayoyapimia leo siyo utakayokuwa nayo mwezi ujao. Na ikiwa umri wako umepita miaka 40, kumbuka kwamba lenzi ya kila binadamu hukakamaa katika umri huo. Huenda dawa imeufunua tu udhaifu uliokuwa ukija kwa miguu yake.

Kwa ukavu na mwasho, jiepushe na moshi wa jikoni, pepesa macho mara kwa mara, weka juu ya kope zilizofumbwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na famasia ikiwa na machozi ya bandia, tumia hayo. Usitie jichoni maji ya majani, maziwa wala mkojo, na usinunue dawa za matone zenye steroidi bila amri ya tabibu, kwa sababu hizo zenyewe huweza kupandisha presha ya jicho. Kwa mwanga unaotia kiwi, kofia yenye ukingo mpana au miwani ya jua inatosha.

Wengine hulalamika kwamba wanaposimama ghafla dunia hugeuka giza. Hilo aghalabu si la jicho bali ni la damu: amitriptilini hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka, na ubongo hukosa damu kwa kitambo. Usiku unapotaka kwenda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka thelathini, shika ukuta, ndipo usimame. Mzee na asiende peke yake. Giza hilo likirudi kila siku, au likimwangusha mtu, tabibu aambiwe.

Katika wiki hizi za mwanzo, na kila mara kipimo kinapopandishwa, usiendeshe pikipiki, usishuke shimoni mgodini, wala usipande juu ya paa. Ukungu wa macho pamoja na usingizi wa dawa ni hatari kwako na kwa abiria wako. Pombe huongeza usingizi huo, na lotoko ina hatari ya ziada: pombe iliyokenekwa vibaya huweza kuwa na methanoli, sumu inayouua mshipa wa kuonea, na upofu wake hauna marejeo.

Hatari isiyongoja

Ndani ya jicho hutengenezwa maji wakati wote, na maji hayo hutoka kwa njia nyembamba iliyo kwenye pembe, mahali ambapo duara la rangi hukutana na kioo cha mbele. Kwa mtu mwenye jicho lenye pembe finyu, mboni inapopanuka, duara hilo hujikusanya kama pazia lililorundikwa pembeni mwa dirisha, nalo likaiziba njia. Maji yasipopata pa kutokea, presha ya jicho hupanda kwa saa chache hadi ikaubana mshipa wa kuonea. Hii ndiyo glakoma ya ghafla. Ni nadra, na walio wengi wanaomeza dawa hizi hawataiona maishani. Lakini inapokuja huweza kulipofusha jicho kwa muda mfupi kuliko mtu anavyodhani. Huwapata zaidi waliovuka miaka 40, wanawake kuliko wanaume, wenye macho mafupi, na wale ambao jamaa zao waliwahi kuipata.

Dalili zake ni hizi: jicho moja, mara chache yote mawili, huuma kwa ghafla na kwa ukali, maumivu yakipanda kwenye paji la uso; jicho huwa jekundu; uoni huingia ukungu mzito; taa huonekana imezungukwa na duara za rangi; mboni huwa kubwa wala hainywei inapomulikwa; na mara nyingi mgonjwa hutapika. Hutokea aghalabu jioni au usiku, wakati giza lenyewe linaipanua mboni.

Na hapa ndipo penye mtego katika nchi yetu ya malaria. Mtu anayeumwa kichwa na kutapika, jambo la kwanza linalomjia yeye na muuguzi wake ni homa ya mbu, naye hupewa dawa ya malaria akaambiwa alale. Kwa hiyo, kwa yeyote anayemeza dawa ya sonona akaumwa kichwa na kutapika, jicho litazamwe kwa tochi kabla ya lolote. Jicho jekundu, gumu linapoguswa taratibu juu ya kope kuliko lile la pili, lenye mboni isiyonywea, halihesabiwi kuwa malaria, hata kama kipimo cha damu kimeonyesha kwamba malaria nayo ipo.

Likitokea hilo, usimeze kidonge kinachofuata cha dawa ya sonona mpaka tabibu aseme. Usilifunike jicho, wala usijifungie gizani. Lala chali penye mwanga huku ukingojea usafiri. Mgonjwa afikishwe hospitali kuu ya Bambu mara moja, naye aseme mlangoni maneno haya: "Nameza dawa ya sonona, na jicho limeniuma ghafla." Asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 500 za mwanzo, pamoja na matone ya timololi na pilokapini, zimo zote katika orodha ile ile ya dawa za msingi, na tabibu akizitoa kwa wakati hununua muda wa kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa macho, Bunia au kwingineko, atakayelitoboa duara la rangi kwa miale au kwa upasuaji mdogo ili maji yapate njia mpya. Matone ya atropini ni marufuku katika hali hii, maana huipanua mboni zaidi. Njia ya kwenda Bunia huenda isiwe salama usiku. Basi wakuu wa hospitali na jamaa washauriane, lakini dawa za kushusha presha zisingoje gari.

Kwa wale wanaojua kwamba wana presha ya macho ya aina ya polepole, ambayo ndiyo iliyo nyingi zaidi miongoni mwa Waafrika na ambayo haina maumivu, ifahamike kwamba hiyo si sawa na hii. Wao aghalabu huweza kutumia dawa ya sonona, ilimradi tabibu ajue, presha yao ipimwe kwa vipindi, na matone yao ya kila siku yasikatizwe.

Dalili nyingine za kukimbilia kituoni

Kutoona kwa ghafla katika jicho moja, hata bila maumivu. Kuona vitu viwili viwili kusikokoma, hasa kukifuatana na mdomo kwenda upande au mkono kulegea. Na mboni kubwa pamoja na homa, kutetemeka, jasho jingi au maneno yasiyo na mpango, zote ni za kukimbilia. Hii ya mwisho yaweza kuletwa na serotonini iliyozidi, na mara nyingi hutokana na kuchanganya dawa: tramadoli ambayo mtu anaimeza kwa maumivu au ili asisikie uchovu wa kazi, ikikutana na fluoksetini, huweza kuzua hatari hiyo. Mboni kubwa, ngozi kavu iliyo moto na kuweweseka ni dalili za sumu ya amitriptilini iliyozidi kipimo, na sumu hiyo hushika moyo na kuua. Kopo la dawa lifungiwe mbali na watoto. Na ikiwa mgonjwa ana fikira za kujiua, vidonge vikae mkononi mwa jamaa anayempa cha siku hiyo tu.

Si kila ukungu ni wa dawa

Haki haikamiliki bila kuwasikiliza washitakiwa wengine. Kwinini, ambayo bado hutumika kwa malaria kali, huweza kutia kiwaa na mvumo masikioni, na ikizidi kipimo hupofusha. Ethambutoli ya kifua kikuu hugusa mshipa wa kuonea, na dalili yake ya mapema ni kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Usubi, ambao katika Ituri bado unawasumbua watu wa mabonde ya mito iendayo kasi, hupofusha polepole baada ya mwasho wa ngozi wa miaka mingi. Mtoto wa jicho hutanda kwa wazee taratibu. Na katika mji wa dhahabu haifai kuisahau zebaki: anayechoma mchanganyiko wake kutenga dhahabu huvuta mvuke unaoleta mtetemeko wa mikono, hasira, kukosa usingizi na huzuni, na zebaki iliyoingia katika samaki, kama ilivyoonekana Minamata huko Japani mwaka 1956, iliwapunguzia watu upana wa kuona hata wakawa wanaona katikati tu. Mchimbaji aliyepewa dawa ya sonona anapaswa kumwambia tabibu kazi yake, kwa sababu yawezekana chanzo cha huzuni yake kimo katika sahani anayochomea dhahabu.

Hata sonona yenyewe hugusa uoni. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walipima ishara za umeme zitokazo kwenye utando wa nyuma wa jicho, wakakuta kwamba kwa wagonjwa wa sonona utando huo huitikia kwa udhaifu tofauti za weusi na weupe. Mgonjwa asemaye kwamba dunia imepauka asidharauliwe. Na huko kupauka kusihesabiwe kuwa dosari ya kidonge alichoanza jana.

Namna ya kuzungumza na tabibu

Malalamiko yaliyopangika hupata jawabu lililopangika. Badala ya kusema "macho yananisumbua", sema hivi: "Daktari, tangu nianze vidonge hivi siku kumi zilizopita, macho yote mawili hayasomi karibu, lakini mbali naona sawasawa, hayaumi wala si mekundu." Katika sentensi hiyo tabibu amepata mwanzo, upande, umbali na kutokuwepo kwa hatari, naye anaweza kuchagua: kungoja, kupunguza kipimo, au kubadili dawa. Ikiwa unaona vitu viwili viwili, ziba jicho moja kabla ya kwenda, kisha la pili, ujue kama kivuli kinaondoka. Mwambie ulichokiona, kwa maana kivuli kinachoondoka ukiziba jicho lolote ni cha misuli ya macho, na kinachobaki kimo ndani ya jicho lenyewe.

Isipokuwa katika ile hatari ya ghafla, usiiache dawa siku moja. Kuikata ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na pengine mitikisiko ya uoni, na baya kuliko hayo ni kurudi kwa sonona ikiwa na nguvu zaidi. Hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa, na tiba yenyewe aghalabu huendelea miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya mtu kupata nafuu. Na kwa kuwa katika Djugu huenda usiku mmoja watu wakalazimika kuondoka kwa miguu, vidonge na fishi ya matibabu vikae pamoja katika mfuko unaoshikika kwa haraka. Muuguzi wa mahali utakapofikia akiona fishi hiyo atajua aendelee na nini na kwa kipimo gani.

Kwa muuguzi anayesoma haya nina ombi. Kila mgonjwa wa sonona anaporudi kuchukua vidonge, baada ya kumuuliza habari za usingizi na za moyo, muulize pia macho yake yanaonaje, umwekee tochi ubavuni, na uandike jawabu katika fishi. Mgonjwa wa sonona hujiona mzigo kwa wengine, na kwa tabia ya maradhi yake hatalalamika mpaka aulizwe. Ataviacha vidonge nyumbani, akarudi miezi mitatu baadaye katika hali mbaya kuliko ile ya kwanza. Kwa jamaa nasema vivyo hivyo: muulizeni. Anayeulizwa kila wiki kwa upole hupata ujasiri wa kusema, na ukungu unaotajwa mapema huweza kuondolewa kwa kupunguza kidonge kimoja tu, mgonjwa akaendelea na tiba mpaka apone.